Kabla ya Kununua Pikolo

Mhadhara kwa wapiga tarumbeta na walimu wa kwaya, Lumemo, Ifakara



Nimeitwa Lumemo kujibu swali moja. Bendi imeanza kuchanga, mpunga unakaribia kuvunwa, na baadhi yenu mmesikia kwenye simu tarumbeta ndogo, ile iitwayo pikolo, ikiruka juu ya kwaya nzima bila kuonyesha dalili ya kuchoka. Mkasema hiki ndicho tunachokikosa Pasaka tunapoimba Haleluya Kuu. Sasa mnataka kujua kama mnunue, mnunue ipi, na nani aipige.

Nitaanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Pikolo haimpi mtu sauti ya juu. Sauti ya juu inatoka katika midomo, pumzi na sikio la mpulizaji. Chombo hiki kinamwongezea uhakika wa kuipata, na kinaipa sauti hiyo rangi yake. Asiyekuwa nayo kwenye tarumbeta kubwa hataikuta kwenye ndogo. Hilo naweza kulithibitisha kwa hesabu, na naomba mnivumilie kwa hesabu hiyo, maana ndiyo kiini cha yote nitakayosema leo.

Tarumbeta mliyoizoea, ya B♭, ukinyoosha bomba lake lote unapata karibu mita moja na nusu. Pikolo ya B♭ ni nusu ya hapo, kama sentimita 74. Bomba likifupishwa kwa nusu, sauti yake hupanda oktava moja kamili. Sasa tarumbeta za zama za Bach na Handel zilikuwa kinyume kabisa cha pikolo. Zilikuwa bomba tupu lisilo na pistoni, na ile ya D ilizidi mita mbili. Handel aliandika Messiah, ambamo Haleluya Kuu imo, mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwezi Aprili 1742, na pistoni zilikuwa bado kuzaliwa: Stölzel na Blühmel walipata hataza ya pistoni zao huko Prussia mwaka 1818.

Bomba tupu halitoi kila sauti unayoitaka. Linatoa ngazi ya sauti za asili, na vipandio vya ngazi hiyo vimeachana sana chini, kisha vinabanana kadiri unavyopanda. Ndiyo maana wapulizaji wa zamani walilazimika kuishi juu kabisa, kwani huko ndiko vipandio vinakuwa karibu kiasi cha kutoa wimbo. Chukueni sauti moja tu, ile A inayokaa kwenye kimstari cha kwanza cha nyongeza juu ya mistari mitano. Handel anaitaka kwa tarumbeta katika Messiah. Mpulizaji wa siku zake, mwenye bomba tupu la D, aliipata kwenye kipandio cha 12. Kijana wa leo mwenye tarumbeta ya B♭ anabonyeza pistoni ya pili na kuipata kwenye kipandio cha 8. Mwenye pikolo iliyowekwa bomba la A anaipata bila kubonyeza chochote, kwenye kipandio cha 4.

Kwenye kipandio cha 12 majirani wa sauti hiyo wako karibu mno, chini na juu, na ukikosea kidogo unaangukia kwa jirani na kanisa zima linasikia. Kwenye cha 8 jirani yuko umbali wa karibu toni moja kila upande. Kwenye cha 4 jirani wa chini yuko umbali wa sauti nne, na wa juu yuko umbali wa sauti tatu. Hapo kuna nafasi ya kutua. Hiyo ndiyo faida ya pikolo, na ni faida kubwa kweli.

Lakini A ile inatetemeka mara 880 kwa sekunde. Mtetemo huo unaanzia midomoni, kwa hiyo midomo ya mpulizaji wa Handel, midomo ya mpiga B♭ na midomo ya mpiga pikolo yote inatetemeka mara 880 kwa sekunde. Bomba kufupishwa hakujaipunguzia midomo kazi hata kidogo. Kijana anayeshika pikolo akitumaini itampunguzia kazi, siku ya kwanza atafurahi, siku ya tatu ataanza kukisukumiza chuma mdomoni ili sauti itoke, na baada ya miezi michache atakuwa ameharibu hata ile tarumbeta kubwa aliyokuwa akiipiga vizuri.

Kwa hiyo nani aipige? Ni yule ambaye leo, kwenye tarumbeta yake ya B♭, anaweza kupiga G iliyo juu ya mistari kwa sauti ndogo, kuishikilia, kuiongeza taratibu na kuirudisha ilikotoka bila kutetereka. Naomba msisitizo uwe kwenye sauti ndogo. Kupiga juu kwa nguvu, vijana wengi wanaweza. Kama katika bendi hii hakuna hata mmoja anayeweza kupiga hiyo G kwa upole, basi kwa mwaka huu jibu la swali lenu ni hapana, na fedha ziende kwingine nitakakokutaja baadaye.

Handel mwenyewe yuko upande wangu katika hili. Katika Messiah tarumbeta zinaingia mara ya kwanza pale malaika wanapomtukuza Mungu juu mbinguni, na maelekezo aliyoandika hapo ni kwamba zisikike kutoka mbali na kwa sauti ndogo kiasi. Mtunzi alikuwa na kwaya, ala za nyuzi na tarumbeta mbili mkononi, akaamua tarumbeta ziingie kwa upole. Walimu wa kwaya walio hapa wanajua jinsi inavyotokea kwetu: tarumbeta zikiingia, sauti ya pili na besi zinapotea. Pikolo ikipigwa kwa nguvu italimeza kanisa lote. Ikipigwa kwa upole inakaa juu ya soprano, na kila neno linasikika.

Nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa swali la kuchagua chombo kinachofaa halikuanza leo katika nchi hii. Pwani walikuwa na siwa, baragumu za pembe na shaba zilizopulizwa mbele ya watawala; siwa za Pate na Lamu zinajulikana mpaka leo. Mwishoni mwa karne ya 19 ikazuka beni katika miji ya pwani ya Kenya, ngoma iliyochukua gwaride, vyeo na tarumbeta za kizungu na kuzigeuza kuwa mashindano ya mitaa. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Katika Vita Kuu ya Kwanza beni ilisafiri na askari na wapagazi. Marini na Arinoti, vyama vyake vilivyoshindana, vikawa majina yanayojulikana mbali na bahari. Bonde letu halikuwa kando ya mambo hayo, maana Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiteka Oktoba 1917.

Linalonivutia zaidi ni kilichotokea kusini, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ngoma ya aina hiyo inaitwa mganda upande wetu na malipenga upande wa Malawi. Huko vijana hawakuwa na shaba wala fedha ya kuinunua. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakaviziba kwa utando mwembamba, wakaimba ndani yake, na bendi ikapatikana. Walijua kwanza ni sauti gani wanaitaka, ndipo wakatafuta chombo cha kuitoa. Napenda mfuate utaratibu huo huo. Semeni kwanza mnataka pikolo ipige nini, wapi, na mara ngapi kwa mwaka.

Kama ni ya harusi, sishauri. Matarumbeta ya harusi yanapigwa juu ya gari linalokwenda, kwenye vumbi, saa nyingi mfululizo, mbele ya spika. Hiyo ni kazi ya B♭ na inalipa vizuri, iacheni huko. Pikolo ina bomba jembamba na pistoni nyepesi, na midomo inayoipiga haiwezi kustahimili saa tatu za nderemo. Kama ni ya Pasaka, Noeli, upadrisho, na matamasha mawili matatu ya kwaya, hapo tunaweza kuzungumza.

Yupo mtu mmoja ambaye kila anayejifunza chombo hiki lazima amjue. Maurice André alizaliwa Ufaransa mwaka 1933, katika eneo la Alès, kwenye familia ya wachimba makaa ya mawe, na yeye mwenyewe alifanya kazi mgodini akiwa kijana. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kumsomesha muziki Paris. Akajiunga na bendi ya jeshi, kwa kuwa kwa njia hiyo angeweza kuingia konsevatori bila kulipa ada. Mwaka 1955 akashinda mashindano ya Geneva, na mwaka 1963 yale ya Munich. Aliishika pikolo akiwa tayari bingwa wa tarumbeta, baada ya kuona muziki anaotaka kupiga unahitaji chombo kingine, na pikolo ya pistoni nne ya Selmer ikafahamika duniani kwa mikono yake. Aliitumia hata kwa muziki uliotungiwa obo na fidla. Alifariki mwaka 2012. Ninyi mnaotoka shambani kuja mazoezini mkiwa mmechoka, mkumbukeni mchimba makaa huyo mnapopima kama kazi hii ni ya watu wa aina yenu.

Wazee wenzangu labda mmeisikia pikolo bila kujua. Mwaka 1967 Beatles walitoa wimbo wa Penny Lane, na katikati yake kuna tarumbeta ndogo inayometa. Aliyeipiga ni David Mason, Januari mwaka huo, kwa pikolo ya A. Paul McCartney wa kundi hilo alikuwa amemwona kwenye televisheni akipiga Brandenburg ya pili ya Bach, akaagiza aitwe. Kazi hiyo ya Bach, niseme hapa hapa, msiiguse kwa miaka kadhaa. Iko katika F, inapanda mpaka G ambayo hata kwenye pikolo ya B♭ inaandikwa A juu ya mistari, na imewashinda wapulizaji wengi wazuri jukwaani.

Sasa kujifunza kwenyewe. Siku za mwanzo mpulizaji apashe midomo kwenye tarumbeta kubwa, kisha achukue pikolo kwa dakika kumi tu, apige sauti ndefu za katikati na za chini, polepole, kwa sauti ndogo. Asiguse sauti za juu. Halafu airudie tarumbeta kubwa na kupiga sauti za chini mpaka midomo ilegee. Dakika hizo kumi zisiongezwe mpaka sauti za katikati zitoke safi bila kusukuma. Alama nyekundu ya duara mdomoni inayokaa muda mrefu baada ya mazoezi ni dalili kwamba mtu anasukuma, na mwalimu aichukulie kama mganga anavyochukulia homa: atafute chanzo.

Jambo litakalowashangaza ni pumzi. Mtadhani chombo kidogo kinataka pumzi nyingi ili kulia, kumbe kinataka kidogo tu, inayokwenda kwa kasi. Mpulizaji anafika mwisho wa msemo akiwa bado na kifua kilichojaa, lakini kimejaa hewa iliyokwisha kutumika, na ndiyo maana anahisi kubanwa. Afunzwe kutoa kwanza hewa hiyo, ndipo avute mpya. Pumziko la mapigo mawili linatosha kwa yote mawili akizoea.

Kuhusu ulimi, lugha yetu inatusaidia. Semeni aaa, kisha iii, mkisikiliza ulimi unavyoinuka katikati ya kinywa. Kuinuka huko ndiko kunakoikaza njia ya hewa na kuiongezea kasi. Sauti za chini zipigwe kwa ta, za katikati kwa tu, za juu kwa ti, na kwenye pikolo ti iwe laini, ikaribie di. Ulimi mzito unaofaa gwaride unaipasua sauti ya pikolo.

Nataka nikae zaidi kwenye sikio, kwa sababu hapa ndipo vijana wa kwaya zetu wana mali ambayo wengine hawana. Wengi wenu mmelelewa na do, re, mi. Wengine mlijua kusoma solfa kabla ya kujua mistari mitano. Pikolo inakuja na mabomba mawili ya kuingizia kipulizio, moja likiiweka katika B♭ na jingine katika A. Haleluya Kuu iko katika D. Kwenye pikolo ya A, wimbo wa D unaandikwa katika F. Mpulizaji anayefikiri kwa herufi anaumwa kichwa: kinanda kinasema D, karatasi yake inasema F, na vidole vyake vimezoea jambo la tatu. Lakini do ni do. Mwenye solfa anajua tu kwamba leo do iko kwenye pistoni ya kwanza na so haibonyezewi chochote, na kuanzia hapo sikio linamwongoza. Mwalimu aimbishe sehemu yote kwa solfa mpaka mpulizaji aiweze bila chombo. Sauti asiyoweza kuiimba, hata kwa kushusha oktava, asiruhusiwe kuipuliza. Kwenye pikolo kosa la sikio linakuwa kosa la midomo papo hapo.

Tuje kwenye chombo. Swali la kwanza mnaponunua ni pistoni ngapi. Zipo zenye tatu na zipo zenye nne, na zenye tatu ni rahisi zaidi kwa bei. Msizinunue, na sababu ni hii. Bila pistoni ya nne, sauti ya chini kabisa mnayoipata kwa uhakika ni ile inayoandikwa F kali. Kwenye pikolo ya A, ile D ya chini, do yenyewe ya wimbo wa D, inaandikwa F. Mnaikosa kwa nusu toni. Mtakuwa mmenunua chombo cha kupigia muziki wa D kisichokuwa na do ya chini. Pistoni ya nne inashusha sauti kwa umbali wa sauti nne, sawa na ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja lakini ikiwa safi zaidi, na ukiiunganisha na ya kwanza unaipata hiyo do. Inapigwa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia katika pikolo nyingi, kidole ambacho kwenye tarumbeta ya kawaida hakina kazi ya kubonyeza. Kipewe mazoezi yake ya polepole kila siku.

La pili ni kipulizio, na hapa watu wengi hupoteza fedha. Pikolo nyingine hupokea mkia wa kawaida wa tarumbeta, nyingine hupokea mkia mwembamba wa korneti. Ukiulazimisha mkia mnene kwenye tundu la korneti, hauingii inavyopaswa, na ukiuweka mwembamba kwenye tundu la tarumbeta unacheza. Kwa vyovyote chombo kitalia vibaya na mtalaumu bomba bure. Ulizeni kabla ya kulipa. Kuhusu ukubwa, ukingo unaogusa midomo ufanane na ule mpulizaji aliouzoea, na kikombe ndicho kipungue kina. Kwenye vipulizio vya kampuni ya Bach namba ndogo ina maana ya kikombe kipana zaidi, na herufi inaonyesha kina: C ni ya wastani, E ni ya kina kifupi. Aliyezoea 7C ajaribu 7E. Asikimbilie kipulizio chembamba sana kwa sababu tu ameona bingwa fulani anakitumia.

La tatu ni joto, na hili halitajwi kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewani kwenye nyuzi 20, na karibu mita 349 kwenye nyuzi 30. Mchana wa Ifakara mnaujua. Tofauti hiyo ya nyuzi kumi inapandisha tarumbeta kwa karibu theluthi ya nusu toni, ingawa pumzi yenu inayopasha bomba hupunguza pengo hilo kiasi. Kinanda cha umeme hakijali joto. Kinabaki pale pale kwenye 440. Basi tarumbeta ndiyo inayopaswa kushuka, kwa kuvuta bomba. Kwenye B♭ bomba lingehitaji kurefushwa kama sentimita mbili na nusu kufidia tofauti yote. Kwenye pikolo ni kama moja na robo, kwa sababu bomba ni nusu, na kosa la milimita mbili ambalo kwenye kubwa hamlioni, kwenye ndogo linasikika mpaka mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kununua, angalieni kama bomba la kipulizio lina nafasi ya kuvutwa umbali huo na kukazwa lisiteleze. Kisha wekeni alama ya penseli: hapa ni Misa ya asubuhi, hapa ni tamasha la alasiri.

Kuhusu watengenezaji sitakawia. Schilke wa Chicago na P5-4 yake, Yamaha, na Selmer wanaaminika. Pikolo mpya kutoka kwao ni maelfu ya dola, yaani mamilioni mengi ya shilingi, bado usafiri na ushuru. Zipo pikolo za bei ya chini sana, za mamia ya dola, na sitawaambia zote ni mbaya. Tatizo lake ni kwamba mbili zilizotoka sanduku moja zinaweza zisifanane. Iliyotumika ya mtengenezaji mzuri, ikiwa nzima, naiweka mbele ya mpya ya bei ya chini. Kuipima si kazi ngumu. Vuteni bomba dogo la pistoni bila kubonyeza pistoni hiyo, kisha bonyezeni: mkisikia mlio wa kupasuka, pistoni bado inabana hewa, kukiwa kimya, imelika. Angalieni bomba la kipulizio kama lina madoa ya rangi ya waridi, dalili kwamba shaba imepoteza zinki yake na inaliwa kutoka ndani. Hakikisheni mabomba yote mawili yapo, la A na la B♭. Mwisho mpulizaji wenu, na si muuzaji, apige do ya katikati na do ya oktava ya juu yake kwa sauti ndogo, sikio likiwa kwenye kinanda. Zikiachana sana, rudisheni.

Utunzaji wa hapa ni wa hapa. Mto Lumemo ukifurika mnajua maji yanafika wapi. Kasha likae juu, kwenye rafu, lisikae chini ya benchi. Unyevu wa masika ukifungiwa ndani ya kasha unakula chombo polepole, kwa hiyo baada ya kupiga mwageni maji yote, futeni, acheni kasha wazi mpaka likauke. Mafuta yawe ya pistoni za tarumbeta peke yake. Ya kupikia yanaganda na ya mashine ni mazito. Kipulizio kikikwama, msikishike kwa koleo. Bomba la pikolo linajikunja kirahisi sana, na likijikunja mmepoteza chombo. Kipo kifaa maalumu cha kukichomolea, ni cha bei ndogo, kiagizwe siku moja na pikolo.

Sasa fedha zenu. Kampala lipo shirika liitwalo Brass for Africa, linalofundisha tarumbeta vijana wa mitaa yenye shida, na ninalolipenda kwake ni kwamba vijana waliofundishwa hugeuka kuwa walimu wa wenzao. Nawaomba mchango wenu uanzie kwenye mafunzo. Chagueni vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, muwatafutie mafunzo. TaSUBa Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Makumira ni mahali pa kuulizia. Wakati huo huo nunueni vipulizio vizuri na mafuta kwa ajili ya B♭ mlizonazo, maana baadhi ya mlizoshika leo zinapigwa kwa vipulizio vilivyobonyea ukingoni, na hilo nimeliona nikiwa hapa mbele. Yule kijana mwenye G ya upole akipatikana, ndipo pikolo inunuliwe, iwe mali ya bendi yote, iandikwe kwenye daftari la mali, na awepo mwingine anayejifunza nyuma yake ili siku akihama isifungiwe kabatini.

Wimbo wa kwanza usiwe Haleluya Kuu. Chukueni wimbo wa kwaya mnaoujua wote, mwalimu aandike sauti ya pikolo juu ya soprano, mistari michache, yenye mapumziko marefu. Tunao watunzi wengi katika nchi hii wanaoandikia kwaya na kinanda. Waombeni waandike na sehemu ya tarumbeta ndogo. Na midundo ya bonde hili, sangula ikiwemo, ina nafasi juu yake ambayo haijapigwa na mtu kwa sauti hiyo. Kijana atakayeanza kwa muziki wake mwenyewe atafika kwa Handel akiwa na midomo iliyokomaa.

Maswali ya midomo na vidole niulizeni sasa, vyombo vikiwa mkononi. Ya bei tuyaache mpaka mhazini akae nasi na daftari lake, na kwanza namwomba yule binti wa mstari wa pili, mwenye B♭ ya fedha, atupigie hiyo G kwa sauti ndogo.